Kompyuta ya Linux Imegoma Kuwaka: Namna ya Kuitafutia Kasoro Hatua kwa Hatua

Kompyuta yenye Linux inapogoma kuwaka, watu wengi hukimbilia flashi na kusakinisha mfumo upya. Hapo ndipo picha za familia, hesabu za duka na tasnifu ya miaka mitatu hupotea, kwa kosa ambalo pengine lingerekebishwa kwa mstari mmoja wa amri. Katika mashine nilizowahi kuletewa zikiwa katika hali hiyo, ni chache mno ambazo diski yake ilikuwa imekufa kweli. Nyingi zilikuwa na faili moja lililoandikwa vibaya, au diski iliyojaa, au zilikatikiwa na umeme zikiwa katikati ya kujisasisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetumia Debian, Ubuntu au Linux Mint, mifumo ambayo ni ya ukoo mmoja, katika kompyuta ya kawaida ya mezani au mpakato. Anayetumia Fedora au Arch ataona mantiki ni ileile, ila majina ya baadhi ya amri hubadilika, nami nitayataja panapohusika.

Kabla ya kugusa chochote, chukua simu uipige picha skrini. Ujumbe wa mwisho ulioandikwa hapo ndio shahidi mkuu, na mara nyingi hautokei tena kwa namna ileile baada ya kuzima na kuwasha. Kumbuka pia jambo la mwisho lililofanyika kabla ya kasoro: je, umeme ulikatika, masasisho yalikuwa yakiendelea, diski ya nje iliondolewa, au kuna mtu aliingia kwenye mipangilio ya mashine akabadilisha kitu? Jibu la swali hilo huokoa saa nzima ya kubahatisha.

Kijiti kimeangukia wapi?

Kuwaka kwa kompyuta kunafanana na mbio za kupokezana kijiti. Anayeanza ni programu dhibiti iliyomo kwenye ubao mama, ambayo katika mashine za zamani huitwa BIOS na katika za sasa UEFI. Kazi yake ni kukagua RAM, kibodi na diski, kisha kumtafuta mpokeaji wa pili. Mpokeaji huyo ni GRUB, programu ndogo inayokaa mwanzoni mwa diski au kwenye partisheni (kipande cha diski kilichotengwa) maalumu, nayo ndiyo inayoonyesha menyu ya mifumo iliyopo. GRUB hupakia vitu viwili kwenye RAM: kerneli, ambayo ndiyo Linux yenyewe, na faili la initramfs, ambalo ni mfumo mdogo wa muda wenye viendeshi vya kutosha kuiona diski na kuifungua. Partisheni ya mzizi, yaani ile iliyobeba mfumo wenyewe, ikishapatikana, kijiti hukabidhiwa systemd, mchakato wenye namba 1, ambao huanzisha huduma nyingine zote hadi ukurasa wa kuingilia utokee.

Swali la kwanza, basi, ni kijiti kimeanguka mkononi mwa nani. Ikiwa hata nembo ya mtengenezaji haionekani, kasoro iko kwenye vifaa, na Linux haijahusishwa bado. Ukiona maneno kama "No bootable device", programu dhibiti imekosa wa kumkabidhi. Ukiona `grub>` au `grub rescue>`, GRUB imeamka lakini haijui nyumbani kwake ni wapi. Ukiona `(initramfs)` au "Kernel panic", kerneli imeanza kazi ila imeshindwa kuifikia partisheni ya mzizi. Ukiona "You are in emergency mode", systemd imeanza na kuna jambo limeikwamisha. Na ikiwa skrini ni nyeusi baada ya hapo, huku taa ya diski ikiendelea kuwaka na kuzima, yaelekea mfumo mzima uko hai, na kinachokosekana ni picha tu.

Nembo haionekani, au diski haionekani

Sehemu hii nitaipita upesi kwa kuwa ni kazi ya bisibisi zaidi kuliko ya amri. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano hivi ili chaji iliyobaki iishe, kisha ondoa vifaa vyote vya USB. Toa vipande vya RAM, uvifute mguso kwa kifutio safi cha penseli, na uvirudishe kimoja kimoja ukijaribu kuwasha. Katika kompyuta ya mezani, kagua waya wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao mama, pande zote mbili, kwa sababu waya uliolegea huweza kufanya diski ionekane leo na kutoweka kesho.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho hustahili kutajwa peke yake, hasa kwa sisi tunaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo: betri ya saa, ile ya duara inayoitwa CR2032. Ikiisha, ubao mama husahau tarehe na mipangilio yote kila umeme unapokatika. Matokeo yake ni kwamba mpangilio wa diski, yaani namna ubao mama unavyozungumza nayo, unaweza kurudi kutoka AHCI kwenda RAID, au mashine ikarudi kutoka UEFI kwenda njia ya kizamani, na Linux iliyokuwa ikiwaka jana isionekane kabisa. Ukiona saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kadhaa, badilisha betri hiyo kwanza, rudisha mipangilio, ndipo uendelee na mengine.

GRUB iliyopotea njia

Inafaa kuelewa kwa nini kuna `grub>` na `grub rescue>`, maana si kitu kimoja. Katika diski za mtindo wa zamani, sekta ya kwanza ina baiti 512, na kati ya hizo ni 446 tu zinazoweza kubeba programu. Hazitoshi hata kidogo kwa GRUB nzima. Kwa hiyo kipande cha kwanza huita kipande cha pili kilichofichwa kabla ya partisheni ya kwanza, na hicho cha pili hutafuta moduli zake ndani ya folda ya `/boot/grub`. Folda hiyo isipopatikana, kwa mfano kwa sababu partisheni imefutwa au namba yake imebadilika, unabaki na `grub rescue>` na amri chache tu. Ikiwa moduli zimepatikana lakini faili la `grub.cfg` lenye menyu halipo, unapata `grub>` yenye amri kamili.

Kwenye `grub rescue>`, anza kwa kuuliza diski zilizopo:

```
ls
ls (hd0,gpt2)/
```

GRUB huhesabu diski kuanzia 0 na partisheni kuanzia 1, kwa hiyo `(hd0,gpt2)` ni partisheni ya pili ya diski ya kwanza. Jaribu kila moja mpaka uone folda kama `boot`, `etc` na `home`. Ikijibu "unknown filesystem", nenda kwenye inayofuata bila wasiwasi, kwani huenda hiyo ni ya Windows. Ikikuambia kuwa partisheni ni ya "ext2" ilhali wewe unajua ni ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, usishtuke pia. GRUB huita ukoo wote wa ext kwa jina hilo moja. Ukishaipata, andika:

```
set root=(hd0,gpt2)
set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Menyu ikitokea, ingia kwenye mfumo, fungua dirisha la amri na uifanye tiba iwe ya kudumu, maana hayo uliyoandika yanasahaulika ukizima:

```
sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub
```

Amri hiyo ya kwanza, ikiwa na jina la diski nzima na si la partisheni, ni ya mashine za BIOS. Kwenye UEFI hutaji diski; unaandika `sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi`, nayo huandika kwenye partisheni ndogo ya FAT32 ambayo programu dhibiti huisoma. Zipo mashine za UEFI zenye ukaidi ambazo husahau majina yote ya mifumo na kutambua njia moja tu, ile ya faili la `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Kwa hizo, ongeza `--removable` mwishoni mwa amri hiyo, na GRUB itawekwa mahali ambapo hata mkaidi lazima apaone.

Kwa wenye Windows na Linux ndani ya mashine moja, kisababishi huwa mara nyingi ni sasisho la upande wa pili. Wakati mwingine ni mpangilio wa zamu tu: Windows imejiweka mbele. Ukiweza kuingia Linux kupitia menyu ya programu dhibiti, amri ya `efibootmgr` itakuonyesha orodha na namba zake, na `sudo efibootmgr -o 0003,0000` itaitanguliza namba 0003. Wakati mwingine ni jambo zito zaidi. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho lililokaza masharti ya Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaoruhusu programu zilizotiwa saini tu ziwashe mashine, na kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zikakataa kuwasha Linux, zikionyesha maneno "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation". Dawa yake ni kuzima Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI, kuingia Linux, kuandika `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, kuwasha upya na kuingia Linux mara moja zaidi, kusasisha mfumo wote, kisha kurudisha Secure Boot.

Kuingia kupitia flashi

Pale GRUB inapokataa kabisa, tunaingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye kompyuta nyingine, andaa flashi ya GB 8 au zaidi yenye Ubuntu au Linux Mint. Rufus, balenaEtcher na Ventoy zote zinafaa. Kwenye mashine yenye kasoro, bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Chagua kujaribu mfumo bila kusakinisha. Nalisisitiza neno "bila", kwa kuwa kitufe cha kusakinisha kimekaa jirani kabisa na hicho, na kimewaliza wengi.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa flashi imewaka kwa njia ileile ambayo mfumo wako ulisakinishwa nayo. Folda ya `/sys/firmware/efi` ikiwepo, umeingia kwa UEFI. Isipokuwepo, umeingia kwa BIOS. Ukiingia kwa BIOS kutengeneza mfumo wa UEFI, kila amri inaweza kufanikiwa na mashine bado isiwake. Kisha tazama partisheni:

```
lsblk -f
```

Tafuta ile ya ext4 ambayo ndiyo mzizi, na ile ya vfat, kwa kawaida ya mamia machache ya MB, ambayo ni ya EFI. Tuchukulie kuwa ni `/dev/sda2` na `/dev/sda1`. Katika diski za NVMe zitaitwa `/dev/nvme0n1p2` na `/dev/nvme0n1p1`. Sasa tunazipachika, yaani kuziunganisha na folda ili zisomeke, na kuhamia ndani yake:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
```

Baada ya amri ya mwisho, umo ndani ya mfumo wako mgonjwa ukiwa na mamlaka yote, ingawa kerneli inayofanya kazi ni ya flashi. Unaweza kuendesha `grub-install` na `update-grub`, kumalizia masasisho yaliyokatika, kubadilisha nenosiri lililosahaulika kwa `passwd`, au kusahihisha faili lolote. Ukimaliza andika `exit`, kisha `sudo reboot`, na uchomoe flashi. Ikiwa diski ilifungwa kwa nenosiri wakati wa kusakinisha, ifungue kwanza kwa `sudo cryptsetup open /dev/sda3 siri`, na kama kuna LVM (mfumo wa kugawa diski kwa programu) ndani yake, iamshe kwa `sudo vgchange -ay` kabla ya kupachika.

Kerneli isiyoiona partisheni ya mzizi

Ujumbe wa kutisha kuliko yote ni huu: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Pamoja na kelele zake zote, mara nyingi una maana ndogo tu, kwamba kerneli mpya imekuja bila initramfs yake. Na sababu iliyo ya kawaida zaidi ni kwamba partisheni ya `/boot` ilijaa wakati wa masasisho, kwa hiyo kerneli ikaandikwa lakini faili la pili likakosa nafasi.

Washa upya na uite menyu ya GRUB, kwa kubonyeza Esc ikiwa mashine ni ya UEFI au kushikilia Shift ikiwa ni ya BIOS, mara tu nembo ya mtengenezaji inapopita. Ingia kwenye mstari wa pili wa menyu, "Advanced options", na uchague kerneli ya zamani. Debian na Ubuntu huacha angalau moja ya nyuma kwa ajili ya siku kama hii. Mfumo ukiwaka, safisha na utengeneze upya:

```
df -h /boot
sudo apt autoremove --purge
sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -c -k all
sudo update-grub
```

Usifute kerneli kwa mkono kabla ya kuangalia jibu la `uname -r`, ambalo hukuambia ni ipi inayokubeba sasa hivi. Kwa Fedora, initramfs hutengenezwa upya kwa `sudo dracut -f --regenerate-all`, na kwa Arch ni `sudo mkinitcpio -P`.

Ikiwa ujumbe wa hofu hubadilika kila unapowasha, leo unalaumu hiki na kesho kile, ishuku RAM. Memtest86+ iliyowekwa kwenye flashi iachwe izunguke angalau mara moja kamili, hata kama itachukua usiku kucha.

Hali ya pili ni kuangukia kwenye `(initramfs)`. Soma mistari iliyo juu yake. Ikisema "ALERT! UUID=... does not exist", mfumo unatafuta partisheni kwa kitambulisho chake kirefu na hauioni. Andika `blkid`. Diski isipotajwa kabisa, rudi kwenye waya, betri ya saa na mpangilio wa AHCI. Ikitajwa kwa kitambulisho tofauti, kuna aliyeumba partisheni hiyo upya au kuihamisha.

Ikisema kwamba mfumo wa mafaili "requires a manual fsck", hili ni jeraha la umeme kukatika. Mfumo wa ext4 una shajara ambayo huandika kinachokusudiwa kabla ya kukitenda, na katika kukatika kwingi huisoma na kujiponya bila wewe kujua. Inaposhindwa ndipo hukuita. Amri ni moja:

```
fsck -y /dev/sda2
```

Hapa nina ushauri ambao mafundi wengi huuruka. Kabla ya kubonyeza Enter, tafuta kwenye skrini maneno "I/O error" au mistari ya `ata` inayojirudia. Yakiwepo, si mafaili yaliyovurugika tu. Diski yenyewe inakufa, na `fsck`, ambayo husoma na kuandika kila mahali, inaweza kuimalizia. Ingia kwa flashi na umuulize mgonjwa mwenyewe kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`, amri inayokuja na kifurushi cha smartmontools. Ikiwa `Reallocated_Sector_Ct` au `Current_Pending_Sector` zina thamani ghafi iliyozidi sifuri na inayopanda, nakili kwanza diski nzima kwenda kwenye diski ya nje yenye nafasi ya kutosha:

```
sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -d /dev/sda /media/nje/nakala.img /media/nje/nakala.map
```

Programu hiyo huchukua kwanza maeneo mazima na kuyaachia mwisho yale yaliyooza, na faili la pili hukumbuka ilipofika, hivyo umeme ukikatika unaendelea pale pale. Kazi ya kurekebisha ifanywe juu ya nakala, na diski ya asili ipumzike. Ikiwa diski ni nzima, endesha `fsck` bila hofu, ila kamwe usiiendeshe juu ya partisheni iliyokwisha kupachikwa na inayoandikwa.

Hali ya dharura na faili la fstab

Hii ndiyo kasoro ninayoipenda, ikiwa kasoro inaweza kupendwa, kwa sababu inatisha sana na inatibika kwa dakika tano. Niliwahi kuitwa kutazama kompyuta ya chumba cha mafunzo iliyosemekana "imekufa". Ilikuwa ikisubiri dakika moja na nusu kwenye mstari wa "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...", kisha ikaangukia kwenye hali ya dharura. Diski ya nje iliyokuwa ikihifadhi video za masomo ilikuwa imechukuliwa na mtu kwenda nayo nyumbani, na hakuna aliyewaza kwamba mashine ingeisubiri.

Mafaili na partisheni za kupachikwa wakati wa kuwaka huorodheshwa kwenye `/etc/fstab`. Kilichoorodheshwa humo bila maelezo ya ziada huhesabiwa kuwa cha lazima, na kikikosekana systemd husimamisha shughuli. Ukifika kwenye hali ya dharura, ingiza nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mfumo), kisha:

```
journalctl -xb -p err
systemctl --failed
```

Huduma yenye jina linaloishia na `.mount` ikiwa imeshindwa, umempata mkosaji. Hakikisha mzizi unaandikika, linganisha vitambulisho, na ufungue faili:

```
mount -o remount,rw /
blkid
nano /etc/fstab
```

Weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari wenye kosa, au sahihisha kitambulisho chake. Ikiwa ni diski ya nje ambayo huja na kuondoka, mstari wake uwe na `nofail,x-systemd.device-timeout=10` kwenye safu ya nne, na mfumo utaisubiri kwa sekunde 10 tu kisha uendelee na safari. Kabla ya kuwasha upya, andika `findmnt --verify`, amri ambayo husoma faili zima na kukuonyesha makosa yaliyobaki. Ikiwa kilichoshindwa ni `/boot/efi`, partisheni hiyo ya FAT32 haina shajara na huumia kwa urahisi umeme unapokatika; `fsck.vfat -a /dev/sda1` humaliza kazi.

Kuna mifumo ambayo akaunti ya root imefungwa, na hali ya dharura hukuambia kwamba haiwezi kukufungulia. Rudi kwenye menyu ya GRUB, weka mshale juu ya mfumo wako, bonyeza herufi `e`, nenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, futa `quiet splash`, na mwishoni mwake andika `init=/bin/bash`. Bonyeza Ctrl na X. Utaingia moja kwa moja bila kuulizwa nenosiri, utaandika `mount -o remount,rw /`, utasahihisha, kisha `sync` na `reboot -f`. Msomaji makini ameshaona kwamba yeyote anayeweza kuikalia kompyuta yako anaweza kufanya hivyo hivyo. Kinachomzuia ni kufunga diski kwa nenosiri au kuifungia GRUB yenyewe.

Mfumo uko hai, skrini imekufa

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukipata mahali pa kuandika jina na nenosiri, kila kitu kimewaka isipokuwa sehemu ya picha. Anza na swali ambalo watu hulidharau: je, diski imejaa?

```
df -h
df -i
```

Mfumo wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, kwa hiyo huduma za mfumo zinaweza kuendelea huku mtumiaji wa kawaida akikosa hata nafasi ya faili moja dogo; ndiyo maana unaandika nenosiri sahihi na kurudishwa palepale kwenye ukurasa wa kuingilia. `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=100M` hutoa nafasi ya haraka. Amri ya pili, ile ya `-i`, huhesabu mafaili badala ya ukubwa, maana mamilioni ya mafaili madogo huweza kuijaza diski ambayo inaonekana ina nafasi. Ikiwa nafasi ipo na bado unarudishwa, angalia kwa `ls -l ~/.Xauthority` kama faili hilo limegeuka kuwa mali ya root. Likiwa hivyo, lifute kwa `sudo rm ~/.Xauthority`, litaundwa upya.

Ikiwa skrini ilikuwa nyeusi tangu mwanzo, hasa baada ya kubadilisha kadi ya NVIDIA au kusasisha kiendeshi chake, tumia njia ileile ya herufi `e` kwenye GRUB na uongeze neno `nomodeset`. Picha itakuwa duni, lakini utaingia na kusakinisha kiendeshi kinachofaa. Kwenye Ubuntu, `sudo ubuntu-drivers install` huchagua yenyewe.

Na ikiwa imeganda kabisa, usiikate umeme mara moja. Shikilia Alt na kitufe cha SysRq, ambacho kwa kawaida ndicho hichohicho cha Print Screen, kisha ubonyeze S, U na B kwa kupishana sekunde chache. S humwaga diskini yaliyokuwa yakisubiri kuandikwa, U huzifanya partisheni zisiandikike, na B huwasha upya.

Baada ya kuwaka

Zima kabisa, usiwashe upya tu, kisha iwashe kutoka baridi mara mbili. Kasoro za waya na betri ya saa hujitokeza hapo. Soma `journalctl -b -p err` uone kama kuna lalamiko jipya. Kisha chapisha majibu ya `lsblk -f` na nakala ya `/etc/fstab` kwenye karatasi moja, andika juu yake kama mashine ni ya UEFI au BIOS na kitufe chake cha menyu ya kuwashia, uibandike ndani ya kasha la kompyuta ya mezani au uitie kwenye mfuko wa mpakato. Siku skrini itakapoandika tena `grub rescue>`, pengine usiku na bila intaneti, hutahitaji kubahatisha kama ni `gpt2` au `gpt5`.